Kuhamia ng'ambo na mtoto: Nani atamshika?

Siku hizi ukingoja feri pale Likoni, ukipanda matatu Nairobi au ukiketi barazani Kisumu, ni vigumu kumaliza saa moja bila ya kusikia mtu akizungumza habari za kwenda ng'ambo. Mmoja ana binamu Minnesota, wa pili ana dada Doha, na wa tatu amejiandikisha kusoma Kijerumani. Mazungumzo haya huanzia pahali pamoja na kumalizikia papo hapo, nako ni kwenye mshahara. Mtu hutaja Dola, Pauni au Euro, akazigeuza kuwa Shilingi kichwani mwake, na wanaomsikiliza wakaguna kwa mshangao.

Mimi pia nilizigeuza, wala simcheki mtu. Lakini baada ya kuhama na mke wangu na binti yetu mdogo, nimeona kwamba kuna jambo moja ambalo halitajwi barazani, nalo ndilo lililotusumbua kuliko nauli, viza na baridi. Jambo hilo ni mtoto. Nchi nzuri kwa mtu mzima anayetafuta kazi si lazima iwe nchi nzuri kwa mtoto wa miaka mitatu, na hata ndani ya nchi moja, mji mmoja waweza kumlea na mwingine ukamtupa.

Zamani swali hili halikuwa na uzito mkubwa. Wanafunzi 81 waliopanda ndege mwaka 1959 kwenda Marekani kwa juhudi za hayati Tom Mboya na wenzake walikwenda kusoma, na nia ilikuwa warudi walijenge taifa. Leo anayeondoka aghalabu ni muuguzi, fundi au dereva mwenye umri wa miaka 30 hivi. Ana mume au mke, na ana mtoto ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu vyake.

Serikali nayo inamtia moyo aende. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano juu ya wafanyakazi wa afya. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani nazo zikatia sahihi, mjini Berlin, mapatano juu ya uhamiaji na kazi. Katika siku zile zilienea habari kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi Ujerumani, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ikakanusha mara moja, kwa kuwa mapatano hayakutaja idadi yoyote. Sababu ya hamu hii si siri. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walileta nyumbani kiasi cha Dola bilioni 4.9. Pesa hizo Benki Kuu huzihesabu kila mwezi. Hesabu ya watoto walioachwa nyuma, au waliobebwa pamoja na mizigo, sijaiona ikisomwa.

Sheria huchagua kabla yako

Mke wangu ni muuguzi. Mwaka 2022, binti yetu alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, tulikuwa na njia tatu mbele yetu. Shangazi yangu alituita Minnesota, ambako Wakenya ni wengi na makanisa yao yana ibada za Kiswahili. Rafiki wa mke wangu alimwita Uingereza. Na kulikuwa na hospitali ya Ujerumani iliyokuwa tayari kumchukua, mradi ajifunze lugha. Tulidhani kwamba ni sisi tunaochagua. Haikuchukua muda kugundua kwamba sheria ilikuwa imekwisha kuchagua nusu ya mambo.

Tazama nchi za Ghuba. Dada zetu wanaokwenda Saudia au Qatar kufanya kazi za nyumbani hawana nafasi ya kuja na watoto wao. Mkataba unamtaka mwanamke peke yake, alale kwa mwajiri, alee watoto wa mwajiri. Wake yeye hubaki kijijini. Hapo swali la mtoto akae wapi halimo katika mkataba, kwa sababu jibu limekwisha kutolewa.

Tazama Uingereza. Muuguzi aliyesajiliwa aliweza kuja na mume na watoto. Lakini tangu tarehe 11 Machi 2024 mhudumu wa wazee na wagonjwa majumbani alikatazwa kuleta jamaa yake, na tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ukafungwa. Mwenzake mke wangu, waliyesoma naye, aliingia baada ya amri ile ya Machi. Aliwaacha mapacha wa miaka minne kwa dada yake. Watu wawili wanaweza kuwa wamevaa sare zinazofanana na kuwahudumia wagonjwa wale wale, lakini mmoja ana mtoto wake pembeni na mwingine ana picha ukutani, kwa sababu ya neno moja tu lililoandikwa katika kibali.

Marekani ina sura nyingine. Huko anayepewa ukaazi wa kudumu huja na jamaa yake bila ya maneno mengi. Tatizo huanza baada ya kufika. Sheria ya taifa zima, ya mwaka 1993, humpa mfanyakazi likizo ya uzazi ya majuma 12 bila mshahara, tena si kila mfanyakazi. Yako majimbo yaliyoongeza yao, lakini gharama ya kumlaza mtoto mchana ni mzigo wa wazazi. Shangazi hakutuficha. Alisema yeye na mumewe walipishana mlangoni kwa miaka mitano, mmoja akirudi kutoka zamu ya usiku, mwingine akitoka kwenda zamu ya mchana, na mtoto akikabidhiwa kizingitini kama kijiti cha mbio. "Tulipata nyumba," akaniambia, "lakini sisi wenyewe hatukuonana."

Ujerumani ilikubali mtoto aje. Mtoto aliye chini ya miaka 16 haulizwi lugha. Mimi nilitakiwa kupita mtihani wa kwanza wa Kijerumani kabla ya kupewa viza, na mke wangu alitakiwa aende kwanza, afanye kazi kama msaidizi, mpaka cheti chake cha uuguzi kitambuliwe. Tukakubali. Hatukufahamu kwamba miezi ile ya katikati ndiyo ingetufunza zaidi.

"Niachieni mimi"

Usiku wa kuamua, mama yangu alituita kwake Likoni. Alimpakata mjukuu wake, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Wanangu, nendeni mkatafute. Lakini huyu niachieni mimi. Mkishatulia, hata baada ya miaka mitatu au minne, mje mumchukue. Huko nyote mtakuwa kazini. Nani atamshika?"

Hapana aliyeweza kumjibu. Shauri la mama si la kipumbavu, na familia nyingi za Kenya hulifuata. Mtoto aliyelelewa na nyanya yake hukua na adabu, lugha na ndugu. Gharama ni ndogo, na wazazi huweka akiba haraka.

Nimekuja kusoma baadaye kwamba Wajerumani wenyewe wanaijua habari hii kwa majuto. Ujerumani Magharibi ilipotia sahihi mapatano ya kuajiri Waturuki, Oktoba 1961, walioitwa walikuwa wafanyakazi, si jamaa zao. Wengi waliwaacha watoto kwa nyanya na babu, wakiwachukua kwa muda na kuwarudisha tena, huku na huku. Watoto wale walipewa jina la "watoto wa masanduku", na walipokuwa watu wazima baadhi yao wamesimulia jinsi walivyokuwa wageni mbele ya mama zao.

Ujerumani Mashariki nayo ilikuwa na lake. Kwa mapatano ya mwaka 1979 vijana kwa maelfu walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi viwandani. Mwanamke mfanyakazi aliyeshika mimba alilazimika kuchagua kati ya kuitoa na kurudishwa kwao. Upande mmoja ulijiita wa kibepari na mwingine wa kijamaa, lakini kwa habari hii walifanana: walitaka mikono, hawakutaka mtoto.

Basi sisi tulifanya nusu ya shauri la mama bila ya kupenda. Mke wangu aliondoka mapema mwaka 2023, na mimi na binti yetu tukabaki Likoni karibu mwaka mzima. Kila jioni mama yake alimwimbia na kumsomea kwa simu. Tulidhani tumeziba pengo. Tulipotua Frankfurt mwishoni mwa mwaka ule, mama yake alipiga magoti na kufungua mikono, na mtoto akajificha nyuma ya miguu yangu. Usiku, tulipokwisha kula na kuoga, akaja kwangu akaniomba simu. Nilimwuliza ya nini. Akasema anataka kuzungumza na mama.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, hatua mbili kutoka pale.

Ilichukua majuma kadhaa mambo kutengemaa. Sitaki kumhukumu mzazi yeyote aliyemwacha mtoto, kwa maana wengine hawakupewa njia nyingine. Nasema tu kwamba gharama ipo, na hulipwa na yule ambaye hakuulizwa.

Mji gani?

Cheti kilipotambuliwa, mke wangu akawa huru kutafuta hospitali popote. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na sisi tulikuwa karibu kukosea. Tuliangalia mishahara. Lakini hospitali za umma za Ujerumani hulipa kwa mapatano ya vyama vya wafanyakazi, na mshahara wa muuguzi hautofautiani sana mji kwa mji. Kinachotofautiana ni kodi ya nyumba. Munich, ambao watu wengi huusifu, ndio mji mkubwa wenye kodi ya juu kabisa katika nchi hiyo. Mshahara ni ule ule, nyumba ni nusu.

Kisha tukaja katika swali la mama yangu. Ujerumani mtoto huanza shule akiwa na umri wa miaka sita hivi. Kabla ya hapo huenda katika kituo cha kulea watoto, wenyewe hukiita Kita, ambacho ni kama nasari na malezi ya mchana kwa pamoja. Tangu Agosti 2013 sheria inampa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata nafasi. Msomaji, haki iliyoandikwa ni jambo moja, na kiti kilicho wazi ni jambo jingine. Mwajiri mmoja katika mji mdogo wa kusini magharibi alituahidi nyumba tayari, yenye bustani. Tulipouliza habari za Kita tuliambiwa tujiandikishe na tungoje, pengine mwaka, pengine zaidi. Na kituo chenyewe hufungwa saa nane mchana. Zamu ya mke wangu ingekwisha saa tisa. Nyumba nzuri, lakini katika ile saa moja, nani angemshika mtoto?

Berlin ilituvutia kwa kuwa tangu Agosti 2018 wazazi hawalipi ada ya Kita, ila mchango wa chakula. Tena shule ya msingi huko ni miaka sita, ilhali katika majimbo mengi ni miaka minne tu, na baada ya hapo watoto hugawanywa, huyu kwenda shule ya kumpeleka chuo kikuu, yule kwenda ya ufundi. Mtoto wa mgeni anayehitaji muda kuishika lugha hufaidika na miaka ile miwili ya ziada. Lakini nyumba Berlin hazipatikani. Tulitazama moja pamoja na watu waliopanga mstari ngazi zote tatu mpaka barabarani.

Hatimaye tulikwenda Leipzig, katika jimbo la Saxony, upande wa mashariki. Sababu haikuwa uzuri wa mji, ingawa ni mzuri, na una watu zaidi ya laki sita. Sababu ilikuwa historia. Katika utawala wa zamani wa Ujerumani Mashariki akina mama karibu wote walifanya kazi, na serikali ilijenga vituo vya watoto kila mtaa. Utawala ule ulianguka mwaka 1989, na maandamano makubwa ya kuuangusha yalifanyika Leipzig yenyewe, lakini vituo na desturi vikabaki. Hata leo upande wa mashariki zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitatu huenda Kita. Magharibi ni kama theluthi moja. Kituo tulichopata hufunguliwa saa 12 asubuhi na hufungwa saa 11 jioni. Ada tunalipa, lakini ipo pia ruzuku ya mtoto ambayo serikali huwapa wazazi, na mwaka 2025 ilikuwa Euro 255 kwa mwezi. Zamu za mke wangu, masomo yangu na saa za kituo vikakutana.

Majuma mawili kwenye kiti kidogo

Kuna desturi moja ya vituo hivi ambayo ningependa tuige. Mtoto mpya haachwi mlangoni akilia. Mzazi huketi naye ndani, siku ya kwanza saa moja tu. Baada ya siku chache hutoka kwa dakika chache na kurudi. Muda huongezwa kidogo kidogo mpaka mtoto amzoee mlezi wake, na mambo hayo huchukua majuma mawili hadi manne. Mimi ndiye niliyeketi, magoti yangu yakigusa kidevu katika kiti cha mtoto, nikiwatazama watoto wa Kijerumani wakinitazama.

Kabla ya hayo yote waliniomba ushahidi wa chanjo ya surua, kwa kuwa tangu Machi 2020 mtoto hapokewi katika Kita bila huo. Hapo nilimshukuru mke wangu, aliyesisitiza tubebe kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto tunachopewa Kenya. Nakuambia mzazi unayejitayarisha, usikiweke katika sanduku la kupakiwa, kiweke mfukoni.

Kwa muda wa miezi mitatu binti yetu hakutamka neno lolote mle ndani. Nyumbani aliongea kama cherehani, huko alinyamaza. Tuliogopa. Mlezi wake akatuambia kwamba watoto wengi hupita njia hiyo, wanakusanya maneno. Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia: "Ninyi semeni naye lugha yenu, tena vizuri. Kijerumani tuachieni sisi." Mwezi wa nne mtoto alianza kusema, na alianza kwa kumkaripia mvulana aliyemnyang'anya ndoo.

Tangu hapo hofu yetu imegeuka upande wa pili. Leo ukimwuliza kwa Kiswahili, aghalabu hujibu kwa Kijerumani. Nimeonana na jamaa wa Kiafrika waliokaa huko miaka 20, ambao watoto wao hawawezi kumsalimu nyanya yao kwa simu bila ya mkalimani. Wazazi hao si wavivu. Walichoka tu, na lugha ya shule ni kama maji ya mafuriko, huingia hata mlango ukiwa umefungwa. Cha ajabu ni kwamba Chuo Kikuu cha Leipzig hufundisha Kiswahili. Mjerumani kijana hulipanda gari la reli la mjini akiwa na kitabu chake cha ngeli, na karibu naye ameketi mtoto wa Mkenya ambaye hazijui. Kwa hiyo kwetu ipo amri moja: kutoka mlangoni kuja ndani ni Kiswahili, na kila Jumapili ni simu ya Likoni.

Upande wa pili wa shilingi

Nitakuwa nimewadanganya wasomaji nikisimama hapa. Ule upande wa mashariki ambako nafasi ya mtoto hupatikana kwa urahisi ndio huo huo ambako siasa dhidi ya wageni zina nguvu zaidi. Katika uchaguzi wa Septemba 2024 chama cha AfD, kinachotaka wageni wapunguzwe sana, kilipata asilimia 30.6 ya kura katika Saxony, na katika jimbo jirani la Thuringia kikatangulia kwa asilimia 32.8. Katika uchaguzi wa taifa wa Februari 2025 kilipata asilimia 20.8 ya nchi nzima. Leipzig mjini hali ni tulivu kuliko vijijini na katika miji midogo iliyouzunguka, lakini mji hauna ukuta.

Siku moja katika gari la reli mzee mmoja alitugeukia akasema kwa sauti kwamba hapa husemwa Kijerumani. Mimi na binti yangu tulikuwa tukihesabu vituo kwa Kiswahili. Mama mmoja aliyekaa nyuma alimjibu yule mzee, na mambo yakaishia hapo. Mtoto akaniuliza kwa nini babu yule amekasirika. Nilimwambia amechoka. Sikupenda kumwongopea, lakini alikuwa na miaka minne.

Basi tulipima nini kwa nini? Wako wenzetu walioamua kinyume. Walikwenda magharibi, katika miji yenye wageni wengi, wakakubali kungoja Kita na kulipa kodi kubwa, ili mtoto wao asiwe peke yake mwenye ngozi nyeusi darasani. Siwezi kusema wamekosa. Sisi tulisema: mtoto mdogo anahitaji kwanza mikono ya kumshika kila siku saa ile ile, maneno ya mtu wa barabarani tutayajibu pamoja naye akikua. Akifika umri wa shule tutapima tena. Sheria inaturuhusu kupanga: tangu Juni 2024 mgeni aweza kuomba uraia wa Ujerumani baada ya miaka mitano bila ya kuukana wa kwao, na Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo inaukubali uraia wa nchi mbili. Mtoto wetu hatalazimishwa kuchagua kati ya pasipoti mbili. Kuchagua kati ya nyumba mbili ni jambo jingine, wala hakuna katiba inayoweza kumsaidia.

Maswali ya kuuliza mapema

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa barua ya kazi imekwisha kufika nawe una mtoto, usianze kwa kuigeuza Euro kuwa Shilingi. Uliza kwanza ikiwa kibali kile kinamruhusu mtoto kuja, na aje lini. Mwulize mwajiri zamu yako inaanza na kwisha saa ngapi, kisha uliza kituo cha watoto cha mtaa ule kinafunguliwa na kufungwa saa ngapi, na kama nafasi ipo, si kama haki ipo. Uliza kodi ya nyumba kabla ya kuuliza mshahara. Uliza ni miaka mingapi mtoto atapewa shuleni kabla ya kugawanywa na wenzake. Uliza ni nani mwingine pale anayesema lugha yako, na ni umbali gani mpaka kwake. Halafu, ukishachagua, jitahidi kukaa. Mtu mzima huhama na mizigo yake, lakini mtoto kila ahamapo huacha watu wake wote.

Serikali yetu nayo isijitoe. Inapoketi mezani na mataifa kujadili wauguzi na madereva, ingefaa iweke jina la mtoto katika mapatano hayo, kwamba anayealikwa kufanya kazi aalikwe pamoja na wanawe. Waturuki na ndugu zetu wa Msumbiji walikwisha kutuonyesha yanayotokea mtoto anaposahauliwa karatasini. Wazee walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na malezi hayatumwi kwa simu kama pesa.

Mama yangu bado hajaridhika. Kila Jumapili, baada ya kuzungumza na mjukuu wake na kumsahihisha Kiswahili chake, huniita kando na kuniuliza swali lile lile: kesho nani atamshika? Namjibu kwa utaratibu: Jumatatu mama yake humpeleka na mimi humchukua, Jumanne ni mimi asubuhi, Jumatano mama yake yuko nyumbani. Husikiliza mpaka Ijumaa, kisha husema haya. Wiki ambayo nitamaliza siku moja bila ya kuwa na jina la kumtajia, nitajua kwamba tulichagua pasipofaa, hata kama mshahara ni mzuri namna gani.